ASBL, koperative, SARL ao etablisema? Kabla ya kukimbilia karatasi, jua mali itakuwa ya nani

Hapa Lubumbashi vikundi vya kutafuta mtu wa kuwaandikia statu, zile sheria za ndani za kikundi, haviishi. Ba mama wa soko ya Kenya, vijana wenye kufuga kuku kule Annexe, ba papa waliotoka kazi na wanataka kuweka makuta yao pamoja, na karibu wote wanakuja na jibu tayari mukononi: "tunataka ASBL", lile shirika lisilotafuta faida. Ukiwauliza juu ya nini ASBL wanasema juu ASBL njo inapata proje, njo inapata wafadhili. Halafu ukiuliza kazi yenyewe itakuwa nini, wanasema kusaga mahindi, kuuza bunga, kuuza mayai, na mwisho wa mwaka kugawana faida. Sasa ile karatasi wanayotafuta inakataza kabisa kile kitu wanachotaka kufanya, na hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo mi naona jina la karatasi lije mwisho. Kwanza kikundi kikae chini kijibu maswali matatu, na kijibu kweli, si kwa kufurahishana: mali ni ya nani, nani anaamua, na makuta inatoka wapi na ikibaki inaenda kwa nani. Mukijibu haya matatu, karatasi inajichagua yenyewe.

Ili tusiongee hewani, tuchukue kikundi kimoja tukipitishe kwa kila aina. Tuseme watu 12 wa Katuba wanataka mashini ya kusaga. Mashini, moteri, kibanda, mizani na mazutu ya kuanzia, vyote ni dola 5,000. Mmoja wao ni mama mwenye duka, yeye anaweza kutoa 2,800. Wale wengine 11 kila mtu anatoa 200, inafanya 2,200. Jumla 5,000, mashini inapatikana. Angalieni vizuri wale watu, juu hawatabadilika, lakini kila karatasi itawafanya kuwa watu wengine kabisa.

Likelemba na AVEC: hakuna karatasi, kuna watu

Wengi wetu tulianzia hapa na si kitu cha kudharau. Likelemba ni rahisi: kila mtu anatoa sawa, mmoja anabeba yote, zamu inazunguka. Haina mali yake yenyewe, makuta haikai, asubuhi imekusanywa jioni imebebwa. AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, imeenda mbele kidogo. Mkutano unakaa kila wiki, katikati kuna sanduku la chuma lenye kadena tatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, mwenye kutunza sanduku hana hata moja. Kila mtu ananunua sehemu zake mbele ya wote, kuanzia moja mpaka tano kwa mkutano mmoja, zinapigwa alama kwenye kaye yake, halafu makuta inakopeshwa humo humo ndani na riba inabaki kwa kikundi. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida miezi tisa mpaka mwaka, wanafungua, wanagawana kwa hesabu ya sehemu, wanaanza upya. Mi nasema wazi, kuna masosiete makubwa hapa mjini hayana kontroli nzuri kama ile ya kadena tatu.

Lakini kwa mashini ya kusaga hii haitoshi. AVEC imetengenezwa ili makuta irudi kwa watu kila mwaka, na mashini haigawanyiki kila mwaka. Tena mbele ya sheria kikundi cha hivi si mtu: hakiwezi kuwa mwenye lupango kwa jina lake, hakiwezi kusaini kontra, hakiwezi kushitaki. Faktire ya mashini itaandikwa kwa jina la mtu mmoja, na siku huyo mtu atakufa ao atageuka, wale 11 watabaki na kaye tu. Tumieni AVEC kukusanya kapitali, inafanya hiyo kazi kuliko kitu chote. Kushika mali, hapana.

Etablisema: wewe na kazi yako ni kitu kimoja

"Ets" fulani, "Ets" fulani, maduka mengi ya kule soko Mzee Kabila yako hivyo. Mwenyewe ni mtu mmoja, anaamua peke yake, faida yote yake, na anapata RCCM yake (namba ya rejista ya biashara) kama mtu, si kama sosiete. Kwa anayeanza na mtaji wake mwenyewe ni njia ya haraka na mi siwezi kumkataza. Ile sheria ya OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi nyingi za Afrika, iko pia na daraja ya chini zaidi, wanaita entreprenant, mtu mwenye kazi ndogo anayejitangaza tu kwa ofisi ya RCCM bila kuandikishwa kamili.

Bei yake iko pahali pengine. Deni la etablisema ni deni lako, mwenye kukudai anaweza kufuata duka, gari, mpaka nyumba, juu sheria haioni ukuta kati yako na kazi. Na siku mwenyewe anafariki, stoki, makuta ya banki, jina la kazi, vyote vinaingia kwenye urithi pamoja na viti na vitanda vya nyumba. Tunajua sisi wote vile inaendaga: matanga haijaisha, ndugu wa mwanaume wako kwenye duka wanahesabu mifuko ya bunga, mjane anatafuta funguo. Duka lililolisha watoto miaka 15 linaisha kwa mwezi mmoja. Hii peke yake inatosha kumfanya mwenye etablisema iliyokua afikirie SARL, sosiete ambayo deni lake halifuati nyumba yako, hata akiwa peke yake, juu SARL inaweza kuwa na mtu mmoja tu.

Kwa wale 12 wa Katuba, etablisema maana yake mama wa duka anaandikisha mashini kwa jina lake na wale wengine wanakuwa wenye kumkopesha. Kama hicho njo wanataka, waandike deni, na tarehe, na riba. Wasijiite wenye mashini, juu hawako.

SARL: kura inafuata makuta

Kongo iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Mkataba wenyewe ulisainiwa Port Louis, kule Morisi, mwaka 1993, na leo uko na nchi 17. Kabla ya hapo tulikuwa na SPRL, na bado utaona mabango ya zamani yenye hiyo herufi, lakini masosiete yalipewa miaka miwili, mpaka Septemba 2014, kujipanga upya. Leo sosiete ya kawaida ya mtu wa kati ni SARL.

Kapitali: sheria ya OHADA iliweka chini kabisa faranga CFA 1,000,000, lakini iliachia kila nchi nafasi ya kufanya yake, na kwetu ba asosiye, wale wenye kuweka makuta ndani ya sosiete, njo wanaamua wenyewe kiasi kulingana na kazi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie huwezi kufungua SARL bila maelfu ya dola. Guichet Unique, ofisi ya kufungulia masosiete, iko hapa Lubumbashi, karatasi zote zinapita pale.

Sasa turudi kwa watu wetu. Kwa SARL, mama wa duka ako na 56% ya kapitali, kila mmoja wa wale 11 ako na 4%. Uamuzi wa kawaida, kama kuchagua gérant (mwenye kuongoza sosiete), kukubali hesabu ya mwaka, kugawa faida, unapita na zaidi ya nusu ya kapitali. Maana yake mama anaamua peke yake. Wale 11 wanaweza kuinua mikono yote 11 pamoja na haibadilishi kitu. Lakini kubadilisha statu, kama vile kugeuza kazi ya sosiete, kunaomba robo tatu ya kapitali, na hapo mama na 56 yake hafiki, anawahitaji. Wale 11 pamoja wako na 44, wanaweza kuzuia. Kwa hiyo si kweli vile watu wanasema kwamba mwenye hisa ndogo hana nguvu yoyote, iko nayo, ni ya kuzuia tu, si ya kuongoza.

Faida inafuata njia ile ile. Tuseme mwaka wa kwanza, kodi imelipwa (kiwango cha kawaida cha sosiete ni 30% ya faida) na akiba ya sheria imewekwa, dola 1,000 zinabaki za kugawana. Mama anapata 560, kila mmoja wa wengine anapata 40. Kuna watakaosema hii ni unyonyaji. Mi sioni hivyo, mama aliweka 2,800, angepoteza 2,800. Unyonyaji unaanza pale watu 11 walipoambiwa "tuko sawa" na karatasi inasema kitu kingine.

Kuhusu deni, asosiye wa SARL anapoteza alichoweka, mwisho pale. Kwa maneno. Kwa banki zetu ni tofauti kidogo: ukienda kuomba kredi na SARL changa, banki itakuomba garanti, na mara nyingi itaomba gérant mwenyewe asaini kwamba atalipa na mali yake kama sosiete imeshindwa. Ukisaini, ule ukuta wa SARL umeutoboa wewe mwenyewe kwa lile deni. Na garanti wanayopenda ni lupango lenye certificat d'enregistrement, ile njo inaonyesha haki kamili kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973. Wengi wetu tuko na fiche parcellaire tu, ao karatasi ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya chef de quartier, na kwa fiche banki haikupi kitu kikubwa. Njo maana SARL nyingi ndogo zinaishi na makuta ya ba asosiye wenyewe, wanaongeza kwa njia ya kukopesha sosiete yao. Ni halali, ila iandikwe kwenye hesabu kwamba ni mkopo wa asosiye na si zawadi, juu siku ya kugombana kila mtu atakumbuka vyake.

SNC na SCS, aina zingine mbili za sosiete, naziruka, kwa SNC ba asosiye wote wanalipa deni lote la sosiete na mali zao, sioni kikundi cha hapa chenye sababu ya kuichagua. SAS, aina ingine ya sosiete, iliingia na sheria mpya ya 2014, iko huru sana katika statu, nzuri kwa watu wenye avoka mzuri wa kuandika. Bila avoka huyo, uhuru ule unakuwa mtego.

Koperative: mtu mmoja, kura moja

Hapa njo nataka tukae kidogo, juu ni aina inayofaa vikundi vingi vya kwetu na inayoharibiwa kuliko zote.

Sheria yake ni ya OHADA pia, ilikubaliwa Lomé Desemba 2010. Kuna mbili: ile rahisi, SCOOPS, kuanzia watu 5, yenye komite ndogo ya kuongoza, na ile yenye baraza, COOP-CA, kuanzia watu 15. Zote ziko na rejista yake, si RCCM, na zote lazima ziwe na kikundi cha kuchunguza kinachoangalia wale wanaoongoza. Wale 12 wetu wangefungua SCOOPS.

Na hapo mama wa duka mwenye 2,800 ako na kura moja. Yule kijana mwenye 200 ako na kura moja. Hakuna asilimia. Mama asipoeleza vizuri mawazo yake kwenye mkutano, anashindwa kura kama mtu mwingine yeyote.

Faida pia haifuati kapitali. Kwanza sheria inalazimisha kuweka akiba, moja ya jumla na moja ya kufundisha wanachama. Kisha wanachama wanaweza kupewa riba kwa sehemu zao, yenye mpaka. Halafu kinachobaki kinarudi kwa wanachama kulingana na kazi ambayo kila mmoja alifanya na koperative: aliyeleta mifuko 100 ya mahindi kusaga anarudishiwa zaidi kuliko aliyeleta 10, hata kama huyu wa 10 njo aliyeweka kapitali kubwa. Sasa mnaelewa swali la kujiuliza: je, nyinyi mnataka mashini juu mtaitumia nyinyi wenyewe, mahindi ni yenu, ao mnataka mashini ya kusagia watu wa mtaa na kugawana makuta? Kama ni mahindi yenu, koperative imetengenezwa kwa ajili yenu. Kama ni biashara tu ya kupata faida kwa wateja wa inje, SARL itawafaa zaidi na hamtapigana na sheria kila mwaka.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanagundua wakati wamechelewa. Mwanachama akitoka, koperative inamrudishia sehemu zake kwa bei ileile aliyoweka, na kama kuna hasara ni chini ya pale. Tuseme baada ya miaka sita ile kazi imekua, mali yote sasa ni ya dola 20,000. Kwa SARL yule wa 4% anaweza kuuza sehemu yake kwa 800 hivi, wenzake wakikubali mnunuzi, juu hauzi kwa mtu wa inje bila wao. Kwa koperative anatoka na 200 zake. Ile ongezeko inabaki kwa koperative na kwa wale watakaokuja nyuma. Na ikivunjwa, kinachobaki baada ya kulipa madeni na kurudisha sehemu kinaenda kwa koperative ingine ao shirika linalosaidia koperative, si mfukoni. Mi napenda hii sheria, inalinda kitu ambacho vizazi vingi vinajenga, lakini inafaa watu waijue siku ya kwanza.

Kuhusu makuta ya kuanzia, koperative iko na shida yake: mwenye makuta mengi hana sababu ya kuleta mengi, juu hayamuongezei kura wala faida kubwa. Kwa hiyo mama wa duka labda ataleta 400 tu. Zile 2,400 zingine zitatoka wapi? Wanachama wengi zaidi, mkopo, ao mfadhili, na ndiyo, wafadhili wanaweza kusaidia koperative, si ASBL peke yake. Kule Kivu kuna koperative za kahawa kama SOPACDI zinazouza inje ya nchi na wenye mali ni wakulima wenyewe.

Halafu zile koperative za machimbo. Sheria ya madini (Code minier) iliyorekebishwa Machi 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Wazo lilikuwa zuri. Lakini nenda uulize mchimbaji wa upande wa Kolwezi mkutano mkuu wa koperative yake ulikaa lini, alipiga kura kumchagua nani, alirudishiwa nini mwisho wa mwaka. Wengi wanajua koperative kama mtu anayekata asilimia kwenye mzani. Koperative yenye mwenyewe mmoja ni kampuni ya mtu iliyovaa nguo ya wengine, na inauma juu wale vijana wanaoshuka shimoni njo kwa sheria wenye nyumba. Ukiitwa kuingia koperative, uliza bintu vitatu: kaye ya wanachama iko wapi, niko na sehemu ngapi, mkutano mkuu ni tarehe gani. Asiyekuwa na jibu la haraka, hakuna koperative pale.

Angalizo moja kwa vikundi vya akiba vinavyotaka kukua: kupokea akiba ya watu na kukopesha kwa jina la koperative ni kazi inayoomba ruhusa ya Banki Kuu. Koperative za akiba zilipewa sheria yake zenyewe Februari 2002. Hamuwezi kuamka na SCOOPS ya kusaga bunga mkaanza kupokea akiba za mtaa mzima.

ASBL: inaweza kupata makuta, haiwezi kuwapa

Sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001. ASBL si ya mtu. Mwanachama hana sehemu, hana hisa, ako na kura na kadi. Mkutano mkuu unaamua, komite inaongoza, michango ya wanachama na misaada inaingia, na ikibaki inarudi kwenye kazi. ASBL inaweza kuwa na lupango, inaweza kulipa wafanyakazi mishahara, inaweza hata kuuza kitu kidogo ili kusaidia lengo lake. Kugawana faida, hapana. Ikivunjika, mali inaenda kwa shirika ingine lenye lengo la karibu. Zile 2,800 za mama wa duka, siku ameziweka kama mchango kwenye ASBL, si zake tena, hata akitoka kwa hasira kesho yake.

Ruhusa kamili, ile ya kuwa mtu mbele ya sheria, inatoka kwa waziri wa Sheria Kinshasa, na vikundi vingi vinakaa miaka na karatasi za muda. Makanisa pia yako upande huu, na hapo naomba waumini waangalie lupango la kanisa limeandikwa kwa jina la nani, la kanisa ao la mchungaji.

ASBL inafaa nani? Wenye kufundisha watoto wa barabarani, wenye kusaidia wagonjwa, wazazi wanaojenga shule ya mtaa, klabu ya mpira. Watu ambao hawangojei kurudishiwa. Makuta ya mfadhili nayo iko na tabia yake: inakuja kwa proje, proje iko na mwisho, na siku imeisha kodi ya ofisi bado inadaiwa. ASBL inayotegemea mfadhili mmoja, yule mfadhili njo mwenyewe hata kama jina lake haliko kwenye statu, yeye njo anaamua mtafanya nini mwaka ujao. Kwa hiyo swali la nani anaamua, kwa ASBL, lijibiwe kwa kuangalia nani analipa.

Na mkifanya biashara chini ya ASBL ili kukwepa kodi, siku mtu wa DGI, ofisi ya kodi, anaangalia kazi mnayofanya kweli, jina la ASBL halitawalinda.

GIE, kwa ufupi

Hii watu hawaijui na inafaa wauzaji wetu. Ni kikundi cha kiuchumi, watu wawili ao zaidi, kila mmoja anabaki na kazi yake. Hakitafuti faida yake mwenyewe, kinasaidia kazi za wanachama, na kinaweza kuanza hata bila kapitali. Wenye maduka watano wanaotaka kukodi kamyo moja kuleta mahindi toka Kasumbalesa, badala ya kila mtu kulipa yake, GIE inawatosha. Shida: madeni ya GIE yanalipwa na wanachama kwa mali zao. Muchague wenzako vizuri.

SA na sosiete za serikali: tulizozaliwa ndani yake

SA, sosiete kubwa ya hisa, si ya watu wa mashini ya kusaga. Kapitali yake inaanza faranga CFA 10,000,000, karibu euro 15,245 kwa bei isiyobadilika ya CFA, na lazima iwe na commissaire aux comptes wa kukagua hesabu. Lakini naiweka hapa juu mji huu umejengwa nayo na inafundisha kitu.

Union Minière ilianzishwa 1906, mji ulikuja nyuma yake, 1910. Mwanzo wa 1967 serikali ikaichukua, baadaye ikawa Gécamines. Wazee wetu walisema Union Minière njo baba njo mama: nyumba, shule, hospitali, posho ya bunga, vyote vilitoka pale. Karatasi ilisema ni mali ya serikali, yaani yetu wote. Na mwaka 2003 na 2004, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa kwa ile waliyoita kuondoka kwa hiari, walijua vizuri kwamba mali ya wote haimaanishi wewe uko na kura. Tangu sheria za Julai 2008 Gécamines na SNCC, ile ya reli, zimegeuzwa sosiete za biashara zenye mwenye hisa mmoja, serikali. Mkutano mkuu wa sosiete ya hivyo ni waziri na watu wake.

Angalia pia zile za ubia. Ruashi Mining, pale pale kwetu Ruashi, 75% ni ya kundi la Jinchuan la Uchina na 25% ya Gécamines. Tenke Fungurume, CMOC ya Uchina 80%, Gécamines 20%. Kwa SA, uamuzi mkubwa wa kubadilisha statu unaomba theluthi mbili za kura, kwa hiyo mwenye 25% kwa sheria tupu, bila mapatano mengine waliyosaini pembeni, hawezi hata kuzuia. Wale 11 wetu wa Katuba na 44 yao kwenye SARL ndogo wako na nguvu ya kuzuia kuliko Gécamines kule Ruashi. Njo maana nakataa mtu akisema hesabu za hisa ni mambo ya wakubwa.

Na tangu 2018 kampuni za machimbo zinatakiwa kuweka 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka, inasimamiwa na chombo chenye watu wa kampuni na wa jamii ndani. Kama unaishi karibu na mgodi, uliza nani anakaa pale kwa jina lenu.

Sasa mi ningechagua nini

Kwa wale 12, inategemea mama wa duka. Kama hawezi kukubali kura moja, na ni haki yake, SARL, na wale 11 waombe mambo mawili yaandikwe kwenye statu kabla ya kutoa hata dola moja: kwamba sehemu ya faida itagawanywa kila mwaka isipokuwa wote wamekubali kinyume, na kwamba hesabu itaonyeshwa kila baada ya miezi mitatu. Kama wote wako na mahindi yao na wanaaminiana kwa muda mrefu, SCOOPS, na zile 2,400 zinazokosekana mama azikopeshe koperative kwa kontra iliyosainiwa, yenye riba na tarehe. Hapo analindwa kwa makuta yake bila kununua sauti za wengine. Mi hii ya pili naipenda zaidi, na naona inawezekana sana kwetu juu ba mama wa AVEC tayari wanajua kukaa mkutano, kuhesabu mbele ya watu na kumwambia mwenye sanduku hapana.

Karatasi yoyote mtakayochukua, msikubali statu ya kukopi kwa jirani. Zile za kukopi ziko na jina la kazi, kapitali, saini, basi. Andikeni ndani: mtu akifariki, watoto wake wanaingia ao wanalipwa, na kwa bei gani, ndani ya miezi mingapi? Mtu akitaka kutoka, nani anapima thamani ya mali? Anayesaini banki ni mmoja ao wawili? Gérant ao mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano, nani mwingine anaweza kuitisha? Jibuni mkiwa bado mnapendana, kila jibu liandikwe na wote wasikie likisomwa kwa Swahili, si Kifaransa tu, halafu kila mtu apewe kopi yake aende nayo nyumbani kabla ya siku ya kusaini.